Albert Salomon

Albert Salomon (Röbel, Mecklenburg, 1883 – Amsterdam, Uholanzi, 1976) alikuwa daktari mpasuaji wa Ujerumani mwenye asili ya Kiyahudi. Anakumbukwa hasa kwa utafiti alioutoa mwaka 1913 mjini Berlin, ambamo alipiga picha za eksirei za matiti takriban 3,000 yaliyokuwa yameondolewa kwa upasuaji kwa sababu ya saratani. Kazi hiyo huhesabiwa kuwa mwanzo wa mamografia, yaani njia ya kupiga picha ya titi kwa eksirei ili kugundua saratani kabla haijasikika kwa vidole.

Nje ya fani ya tiba anajulikana zaidi kama baba wa mchoraji Charlotte Salomon (1917–1943), aliyeuawa katika kambi ya Auschwitz. Yeye mwenyewe alifungwa katika kambi ya Sachsenhausen, akakimbilia Uholanzi, akakamatwa tena huko, na kunusurika kwa kujificha hadi mwisho wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia.

Maisha ya awali

Salomon alizaliwa Röbel, mji mdogo kando ya ziwa Müritz kaskazini mwa Ujerumani. Alikuwa na umri wa miaka 12 hivi wakati mwanafizikia Wilhelm Conrad Röntgen alipogundua eksirei mjini Würzburg mnamo Novemba 1895. Kwa hiyo alikuwa wa kizazi cha kwanza cha madaktari waliosoma tiba eksirei ikiwa tayari inatumika hospitalini, ingawa kazi yake kuu bado ilikuwa kuonyesha mifupa iliyovunjika na risasi zilizobaki mwilini.

Baada ya masomo alifanya kazi Berlin, katika Kliniki ya Kifalme ya Upasuaji ya Chuo Kikuu, iliyokuwa katika mtaa wa Ziegelstraße. Kuanzia mwaka 1907 kliniki hiyo iliongozwa na August Bier, mpasuaji maarufu kwa kubuni ganzi ya uti wa mgongo. Ilipokea wagonjwa wengi sana, na wengi kati yao walikuwa wanawake wenye saratani ya matiti.

Saratani ya matiti wakati huo

Mwanzoni mwa karne ya 20 daktari alikuwa na njia mbili tu za kutambua saratani ya titi: macho na vidole. Alitazama kama ngozi imebonyea au chuchu imevutwa ndani, kisha akapapasa. Uvimbe ulipaswa kukua vya kutosha kabla ya mkono kuuhisi, na mara nyingi mgonjwa mwenyewe alikuwa ameuhisi miezi mingi kabla ya kwenda hospitali, kwa kuogopa au kwa kuona haya. Wengi walifika saratani ikiwa imeshaingia kwenye tezi za limfu za kwapani.

Tiba ilikuwa kisu. Njia iliyotawala ilihusishwa na Mmarekani William Halsted: kuondoa titi lote, misuli ya kifua iliyo chini yake na tezi za kwapani kwa pamoja. Upasuaji huo ulimwacha mwanamke na kifua kilichobaki mbavu na ngozi, na mara nyingi mkono uliovimba maisha yake yote. Wapasuaji walibishana ni wapi hasa pa kukata. Wengine walisema hata upasuaji mpana hautoshi kwa sababu saratani ina njia zake za siri za kusambaa. Wengine waliona baadhi ya wagonjwa wanakatwa kuliko inavyohitajika. Ugumu ulikuwa kwamba hakuna aliyeweza kuonyesha ramani kamili ya ugonjwa ndani ya titi. Mwanapatholojia alikata vipande vichache, akavitazama kwa hadubini, na sehemu kubwa iliyobaki haikuchunguzwa.

Utafiti wa mwaka 1913

Salomon aliamua kuitafuta ramani hiyo. Alichukua matiti yaliyoondolewa kwenye chumba cha upasuaji na kuyapiga eksirei kabla ya kuyakata. Kisha aliyapasua, akaeleza yale yanayoonekana kwa macho, akachukua vipande na kuvichunguza kwa hadubini. Mwishoni alilinganisha mambo matatu kwa kila titi: picha, mwonekano wa nyama yenyewe, na seli zake. Alifanya hivyo kwa matiti takriban 3,000.

Idadi hiyo ni kubwa hata kwa vipimo vya leo. Nyuma ya kila picha alikuwepo mwanamke aliyekuwa ameshapoteza titi, na wengi kati yao hawakuishi muda mrefu baada ya hapo. Matokeo yalichapishwa mwaka 1913 katika jarida la upasuaji Archiv für klinische Chirurgie, chini ya kichwa Beiträge zur Pathologie und Klinik der Mammakarzinome, maana yake michango kuhusu patholojia na tiba ya saratani za titi.

Mambo kadhaa yalidhihirika. Kwanza, aina tofauti za saratani zilikuwa na sura tofauti kwenye picha. Nyingine zilionekana kama donge lenye mpaka ulio wazi. Nyingine hazikuwa na mpaka: zilitoa miiba na nyuzi zilizopenya ndani ya mafuta ya titi pande zote, kama mizizi ya mti. Mpasuaji anayekata kwa kufuata donge analolihisi angeweza kuacha nyuzi hizo nyuma. Salomon aliona hapo sababu ya ugonjwa kurudi kwa wanawake waliodhaniwa wamepona.

Pili, picha zilionyesha njia ya saratani kuelekea kwapani, pamoja na tezi za limfu zilizokwisha kuvamiwa. Hilo lilikuwa na faida ya moja kwa moja kwa wapasuaji wenzake, ambao ndio aliowaandikia.

Tatu, na hili ndilo lililokuja kuwa na uzito zaidi baadaye, alikuta saratani ambazo hakuna mkono uliokuwa umezihisi. Zilikuwa zimejificha ndani ya titi, ndogo, na zikaonekana kwenye picha tu. Kwa mara ya kwanza kulikuwa na ushahidi kwamba kipindi kipo kati ya kuanza kwa saratani na kusikika kwake, na kwamba chombo kinaweza kuona ndani ya kipindi hicho.

Vitone vyeusi

Katika baadhi ya picha Salomon aliona vitone vidogo sana, vimekusanyika katikati ya saratani. Aliviona na kuvieleza katika maandishi yake, lakini hakutambua maana yake. Katika picha zake vilikuwa vyeusi. Kwenye mamografia za leo huonekana vyeupe. Ni chembe za kalsiamu zinazojikusanya, kwa mfano ndani ya mirija ya maziwa, pale seli za saratani zinapokufa. Kalsiamu huzuia eksirei kuliko nyama laini, ndiyo sababu hata punje isiyofikia nusu milimita huacha alama.

Si kila kalsiamu ni saratani. Nyingi hazina madhara, na umri pekee huzileta. Lakini zinapokuwa ndogo mno, zisizo na umbo moja, zimejikusanya mahali pamoja, mara nyingi huwa dalili ya kwanza na ya pekee ya saratani iliyo bado ndani ya mirija, ambayo haijaanza kusambaa. Mwanamke katika hatua hiyo hana uvimbe wala maumivu. Ilipita miaka 36 kabla ya daktari mwingine, katika bara lingine, kueleza thamani ya vitone hivyo.

Salomon hakuendelea kupiga picha matiti ya wanawake walio hai. Vifaa vya wakati ule vilifaa zaidi kwa mifupa: tofauti kati ya mafuta, tezi na saratani ni ndogo mbele ya eksirei yenye nguvu kubwa, na mgonjwa alihitaji kukaa bila kutikisika kwa muda mrefu, huku madhara ya mionzi yakiwa yameshawaua baadhi ya watu waliofanya kazi nayo. Titi lililokwisha kuondolewa halitikisiki wala halidhuriki. Baada ya mwaka mmoja vita vilianza.

Vita na familia

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia Salomon alitumikia jeshi la Ujerumani kama daktari mpasuaji. Katika huduma hiyo alikutana na Franziska Grunwald, muuguzi kutoka familia ya Kiyahudi ya Berlin. Walioana mwaka 1916, na tarehe 16 Aprili 1917 alizaliwa binti yao wa pekee, Charlotte. Jina hilo lilikuwa la dada yake Franziska, aliyejiua mwaka 1913.

Familia iliishi Wielandstraße namba 15, katika sehemu ya Charlottenburg. Salomon alipanda ngazi katika chuo kikuu hadi kuitwa profesa. Mwaka 1926 Franziska, aliyekuwa na huzuni nzito kwa muda mrefu, alijiua. Charlotte alikuwa na miaka 8. Aliambiwa kwamba mama yake amekufa kwa homa ya mafua, na nyumbani hakuna aliyemweleza ukweli. Katika familia nyingi za wakati huo kifo cha namna hiyo kilifichwa watoto. Hapa siri ilidumu miaka 14, na ilikuja kumfikia binti akiwa peke yake ugenini.

Mwaka 1930 Salomon alimwoa Paula Lindberg (1897–2000), mwimbaji wa sauti ya alto aliyesifiwa kwa kuimba nyimbo za Johann Sebastian Bach. Paula alikuwa binti wa rabi. Nyumba ya daktari ikawa mahali pa wanamuziki na wasomi, na Charlotte alimpenda sana mama yake wa kambo.

Chini ya utawala wa Nazi

Chama cha Nazi kilipochukua madaraka mwaka 1933, Salomon alipoteza nafasi yake katika chuo kikuu. Aliendelea kutibu katika Hospitali ya Kiyahudi ya Berlin. Paula naye alizuiwa kuimba mbele ya hadhira ya kawaida, akabaki na maonyesho ya Umoja wa Utamaduni wa Wayahudi tu. Utumishi wa Salomon vitani ulisaidia jambo moja: Charlotte aliweza kupokewa katika chuo cha sanaa cha Berlin, kilichoruhusu Wayahudi wachache sana, kwa kuwa baba yake alikuwa ameitumikia Ujerumani mstari wa mbele. Mwaka 1938 sheria iliwanyang'anya madaktari wote Wayahudi leseni zao. Wachache tu waliruhusiwa kuwatibu Wayahudi wenzao, bila kuitwa madaktari.

Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Novemba 1938 masinagogi yalichomwa moto kote Ujerumani, maduka ya Wayahudi yakavunjwa na makumi ya maelfu ya wanaume Wayahudi wakakamatwa. Salomon alipelekwa kambi ya mateso ya Sachsenhausen, kaskazini mwa Berlin. Paula alihangaika kwa kila mtu aliyemjua mpaka akafaulu kumtoa. Alirudi akiwa amedhoofika sana.

Familia iliamua kuondoka kwa mafungu. Januari 1939 Charlotte, mwenye umri wa miaka 21, alitumwa kwa babu na bibi yake wa upande wa mama, waliokuwa wamehamia Villefranche-sur-Mer karibu na Nice, kusini mwa Ufaransa. Machi mwaka huo Salomon na Paula walifika Amsterdam. Walitarajia kumfuata au kumwita binti yao baadaye, lakini Septemba vita vilianza, na Mei 1940 Ujerumani iliivamia Uholanzi. Baba na binti hawakuonana tena.

Mwaka 1943 Salomon na mkewe walipelekwa Westerbork, kambi iliyokuwa kituo cha kuwakusanya Wayahudi wa Uholanzi kabla ya kuwasafirisha kwa treni kwenda Auschwitz na Sobibor. Kwa kuwa alikuwa daktari alipewa kazi ya tiba kambini. Udaktari ndio uliowaokoa: walipata ruhusa ya kwenda Amsterdam kuchukua vifaa vya tiba, na hawakurudi. Walijificha hadi Uholanzi ilipokombolewa mwaka 1945.

Charlotte

Machi 1940 bibi yake Charlotte alijiua, na hapo ndipo babu alipomwambia ukweli kuhusu mama yake, shangazi yake na ndugu wengine wa familia. Mwaka huohuo alifungwa kwa muda pamoja na babu yake katika kambi ya Gurs. Alipotoka alianza kuchora. Kati ya 1940 na 1942 alitengeneza mamia ya picha za rangi za maji na kuchagua 769 kati yake ziwe kazi moja, Leben? oder Theater?, yaani Maisha? au Tamthilia?, inayosimulia habari za familia yake kwa picha, maneno na muziki. Baba yake amo ndani kwa jina la Daktari Kann: yuko kazini, yuko kwenye arusi, yuko kambini.

Kabla ya kukamatwa alikabidhi picha hizo kwa daktari wa Villefranche azitunze. Juni 1943 aliolewa na mkimbizi Alexander Nagler. Septemba walikamatwa, wakapelekwa Drancy na kisha Auschwitz, ambako Charlotte aliuawa mnamo Oktoba akiwa na umri wa miaka 26 na mimba ya miezi mitano.

Mwaka 1947 Salomon na Paula walisafiri hadi Villefranche kutafuta chochote kilichosalia. Waliletewa picha hizo na Ottilie Moore, Mmarekani aliyewahifadhi wakimbizi katika nyumba yake na ambaye Charlotte alimtunukia kazi hiyo. Waliondoka nazo hadi Amsterdam. Baba, ambaye hakuwa amemwambia binti yake jinsi mama alivyokufa, aliikuta habari hiyo imechorwa yote. Mwaka 1971 yeye na Paula waliikabidhi kazi nzima kwa Makumbusho ya Historia ya Wayahudi ya Amsterdam, ambako ingali inatunzwa.

Salomon alibaki Uholanzi na kufariki Amsterdam mwaka 1976.

Baada ya utafiti wake

Maendeleo ya mamografia yalifanyika bila yeye, na kwa muda mrefu kidogo yalifanyika polepole. Mwaka 1927 Otto Kleinschmidt wa Leipzig alieleza matumizi ya eksirei kwa matiti ya wanawake hai. Mwaka 1930 Stafford Warren wa Rochester, New York, alichapisha uchunguzi wa wagonjwa 119 waliopigwa picha kabla ya upasuaji, na makadirio yake mengi yalithibitika kuwa sahihi. Hata hivyo madaktari wengi hawakuvutiwa. Picha zilikuwa hafifu, na hospitali mbili hazikuweza kupata matokeo yanayofanana.

Mtu aliyerudi kwenye vitone alikuwa Raúl Leborgne wa Montevideo, Uruguay. Alisisitiza kulibana titi ili liwe bapa, picha iwe safi na mionzi ipungue, na mwaka 1949 alieleza tofauti ya kalsiamu za saratani na zile zisizo na madhara. Mwaka 1960 Robert Egan wa Houston, Marekani, alitangaza njia inayotumia umeme wa nguvu ndogo na filamu yenye chembe laini, ambayo hospitali nyingine ziliweza kuifuata na kupata matokeo yaleyale. Mjini Strasbourg, Ufaransa, Charles Gros alishiriki kutengeneza mashine ya kwanza iliyobuniwa kwa ajili ya matiti pekee, iliyoingia sokoni katika miaka ya 1960.

Mwaka 1963 ulianza mjini New York utafiti mkubwa wa wanawake wapatao 62,000 wenye umri wa miaka 40 hadi 64. Nusu yao waliitwa kwa uchunguzi wa kila mwaka kwa mamografia na kwa mkono. Baada ya miaka kadhaa vifo vya saratani ya matiti katika kundi lililoitwa vilikuwa vimepungua kwa karibu theluthi moja. Salomon alikuwa hai matokeo ya kwanza yalipotolewa. Alikuwa mzee anayepindukia miaka 80.

Uhusiano na vifaa vya mwanga

Swali la Salomon, jinsi ya kuona ndani ya titi kabla ya kidole kuhisi, limejaribiwa pia bila eksirei. Mwaka 1929 Max Cutler wa New York alieleza njia ya kuweka taa kali upande mmoja wa titi ndani ya chumba chenye giza na kutazama mwanga unaotokea upande wa pili. Mfuko wenye maji ulipitisha mwanga. Damu na donge gumu vilionekana kama kivuli. Taa ilikuwa na joto kali, na mwanga ulitawanyika ndani ya nyama kama taa ya gari inavyotawanyika kwenye ukungu, hata kivuli kikakosa mpaka.

Katika miaka ya 1970 na 1980 njia hiyo ilifufuliwa kwa mwanga mwekundu na infraredi ya karibu, ambayo hupenya mwilini kuliko rangi nyingine. Uchunguzi wa hospitali kadhaa nchini Uswidi, uliochapishwa mwaka 1990, uliilinganisha na mamografia na kuikuta nyuma: ilikosa saratani nyingi zaidi, hasa zile ndogo ambazo uchunguzi wa mapema unazitafuta.

Vifaa vya sasa vya aina hii ni vidogo, vingine vya kushikwa mkononi na kutumia betri. Hurusha mwanga wa LED au leza wenye urefu wa wimbi wa nanomita 650 hadi 1,000 hivi, na vihisio hupima kiasi kinachorudi. Msingi wake ni damu. Saratani inayokua hujijengea mishipa mipya na kutumia oksijeni nyingi. Hemoglobini yenye oksijeni na isiyo nayo hunyonya mwanga kwa namna tofauti, hivyo kompyuta inaweza kukadiria mahali damu imezidi au oksijeni imepungua. Havina mionzi ya kudhuru, havibani titi, na kipimo kinaweza kurudiwa mara nyingi, jambo linalofaa kwa mfano kufuatilia kama dawa zinapunguza uvimbe.

Mvuto wake ni mkubwa zaidi mahali ambapo mamografia ni haba. Mashine ya eksirei ya matiti ni ghali na nzito, inahitaji umeme wa uhakika, fundi wa kuitunza na daktari wa kusoma picha. Katika nchi nyingi za Afrika, zikiwemo Tanzania na Kenya, mashine hizo ziko hasa katika hospitali za miji mikubwa, na wagonjwa wengi bado hufika saratani ikiwa katika hatua ya tatu au ya nne, karibu na hali ya wanawake waliofika Ziegelstraße mwaka 1913.

Hata hivyo kifaa cha mwanga hakijachukua nafasi ya mamografia. Mwanamke aliyepimwa kwa mwanga na kuambiwa hana tatizo, ilhali ana uvimbe au chuchu inayotoa damu, bado anahitaji picha ya eksirei au ya mawimbi ya sauti, na jibu la mwisho hutokana na kipande cha nyama kilichotazamwa kwa hadubini. Tena mwanga unaotawanyika hauwezi kuonyesha kitu kidogo kama punje ya kalsiamu. Vitone ambavyo Salomon aliviona katika matiti yaliyokatwa bado havionekani kwa vifaa hivyo.